Bukavu: Bima ya simu, kinga ya kweli au makuta ya kutupa?

Kikaratasi kile bado ninacho. Ni kipande cha karatasi ngumu ya manjano, chenye muhuri wa duka moja la simu mjini Bukavu na maneno yaliyoandikwa kwa biki: «Garantie 12 mois». Nilikilipia dola 10 juu ya bei ya simu yenyewe, iliyokuwa dola 160. Muuzaji alinihakikishia kwamba kwa dola hizo 10 simu yangu ilikuwa imekingwa mwaka mzima: ikianguka, ikilowa, hata ikiibiwa.

Mwezi wa tano, simu ilichomolewa mfukoni mwangu karibu na soko la Kadutu, saa kumi na moja za jioni, wakati watu wanasukumana kugombea taxi. Kesho yake nilirudi dukani na kikaratasi changu mkononi. Muuzaji alikisoma, akakigeuza, akaniuliza PV ya polisi iko wapi. Nikaenda kuitafuta. Niliporudi nayo, akaniomba fakture yenye nambari ya IMEI. Fakture aliyonipa yeye mwenyewe haikuwa na nambari hiyo. Mara ya tatu, akanieleza kwa upole kwamba garanti yake ilihusu kasoro za kiwandani, wizi haumo. Dola 160 zilikuwa zimekwenda, na zile 10 zikazifuata.

Nilipowasimulia wenzangu, hakuna aliyeshangaa. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake: kioo kilichopasuka siku ya pili, simu iliyozimika baada ya mvua ya Nguba, «asiransi» iliyolipwa na isiyorudisha hata franka moja. Ndiyo maana swali hili linastahili kuulizwa waziwazi. Mkaaji wa Bukavu anapoambiwa aongeze dola 10, 15 au 20 ili simu yake iwe salama, ananunua nini hasa? Na je, inafaa?

Simu ndiyo benki

Katika mji huu, anayepoteza simu hapotezi chombo cha kupigia peke yake. Katikati ya Februari 2025, wapiganaji wa AFC/M23 walipoingia Bukavu, benki zilifunga milango, kama zilivyokuwa zimefunga Goma wiki chache kabla. M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money na Orange Money zikabeba uzito wote. Mshahara, pesa za ndugu aliye Kinshasa au Ulaya, kodi ya nyumba, ada ya shule, vyote vikapita ndani ya simu na kwenye kabine za kando ya barabara.

Mama anayeuza sambaza hupokea malipo kwa simu na kulipa mzigo wa kesho kwa simu hiyohiyo. Motari hupigiwa na wateja wake wa kila siku. Mwanafunzi wa chuo hupata maandishi ya masomo kwenye WhatsApp, na mtu akikosa siku mbili bila simu, amekosa masomo ya siku mbili. Kwa wengi, simu ya dola 100 ndiyo mali ya thamani kubwa kuliko zote wanazotembea nazo.

Na mali hiyo ina maadui wengi. Kuna mwizi wa Kadutu na wa Feu Rouge. Kuna kura ya SNEL inayokuja na kuondoka, na ikirudi kwa nguvu inaunguza chaja na betri. Kuna mvua inayomkuta mtu juu ya pikipiki, kuna mtoto anayechezea simu jikoni, kuna ngazi za udongo za Cimpunda ambako kitu kikiteleza hakisimami mpaka chini. Mtu aliyebana pesa miezi sita kununua simu ana haki ya kutafuta kinga. Wauzaji wanalijua hilo, na wanaliuza.

Vitu vitatu chini ya jina moja

Shida ya kwanza ni kwamba watu huita «asiransi» vitu vitatu vilivyo tofauti kabisa.

Cha kwanza ni garanti. Hiyo ni ahadi ya mtengenezaji au muuzaji kwamba kitu alichokuuzia ni kizima. Ukigundua kwamba spika haisikiki au simu inazimika yenyewe, atatengeneza au atabadilisha. Garanti haihusu ajali wala wizi, na kwa kawaida haina bei ya ziada, kwa kuwa muuzaji anawajibika kwa bidhaa yake. Garanti ya mtengenezaji mara nyingi hufungwa kwenye nchi au eneo ambako simu ilikusudiwa kuuzwa. Simu iliyopita Dubai au Kampala kabla ya kufika avenue Lumumba inaweza kuwa na garanti ambayo hakuna mtu wa kuitekeleza hapa.

Cha pili ni bima yenyewe. Hapa unalipa mchango, na kampuni inachukua juu yake hatari iliyoandikwa kwenye mkataba: kuvunjika, maji, wizi wa nguvu na kadhalika. Jambo likitokea, kampuni inalipa kulingana na masharti. Bila mkataba wenye jina la kampuni, hatari zilizotajwa, muda na kiasi, hakuna bima. Kuna maneno ya dukani.

Cha tatu ni kodi inayopewa sura ya ulinzi. Wakongomani wanaifahamu vizuri, kwa sababu waliwahi kuilipa.

Somo la RAM

Mnamo Septemba 2020, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ARPTC, ilianzisha rejesta ya simu zote za mkononi nchini, iliyojulikana kwa herufi tatu za Kifaransa: RAM. Mwenye simu ndogo ya 2G alitakiwa kulipa dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu ya 3G au 4G alitakiwa kulipa dola 7. Hakuna aliyepanga foleni kulipa: pesa zilikatwa kidogo kidogo kwenye uniti. Mtu aliweka uniti asubuhi, akitaka kupiga anakuta zimepungua.

Miongoni mwa faida zilizotangazwa, mbili ziligusa moja kwa moja jambo letu: kupambana na simu bandia, na kuwezesha simu iliyoibiwa kufungwa ili mwizi asiweze kuitumia. Kwa maneno mengine, raia aliambiwa kwamba analipia ulinzi wa simu yake.

Malalamiko yalienea nchi nzima. Vijana wa harakati za kiraia waliandamana, wateja walihesabu uniti zao, na suala likafika bungeni, ambako waziri wa wakati huo, Augustin Kibassa Maliba, aliulizwa kuhusu uhalali wa makato na matumizi ya pesa. Mapema mwaka 2022 makato hayo yaliondolewa.

Wazo la kufunga simu za wizi si la uongo. Kila simu ina nambari yake ya IMEI, yenye tarakimu 15, na mtandao unaweza kuikataa nambari hiyo. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Lakini hata pale chombo kinapofanya kazi, kina mpaka. Simu inayofungwa kwenye mitandao ya nchi moja inaweza kuendelea kulia katika nchi ya jirani, ikiwa nchi hizo hazibadilishani orodha. Kutoka Bukavu hadi Kamembe ni kuvuka daraja la Ruzizi tu. Mwizi hahitaji visa ya mbali.

RAM ilituachia swali moja la kuuliza kila mara tunapoombwa pesa kwa jina la ulinzi: nikiibiwa kesho, nani atafanya nini, kwa muda gani, na nikimkosa nimshitaki wapi?

Nani ana ruhusa ya kuuza bima?

Kwa muda mrefu neno bima nchini Congo lilikuwa na jina moja: SONAS. Shirika hilo la serikali lilishika soko peke yake tangu miaka ya 1960, na raia wengi waliijua bima kupitia ile karatasi ya gari inayoonyeshwa polisi wa barabarani. Bima kama kitu cha kumfaa mtu wa kawaida, nyumba yake, mzigo wake au simu yake, haikuzoeleka.

Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko hilo kwa kampuni za binafsi. Ikaundwa mamlaka ya kusimamia na kudhibiti sekta hiyo, ARCA, na kuanzia mwaka 2019 kampuni za kwanza za binafsi zikapewa vibali. Kampuni hutakiwa kupata kibali cha ARCA kabla ya kuuza bima, na wanaouza kwa niaba yake, yaani madalali na mawakala, nao wanatakiwa kutambuliwa.

Kwa mnunuzi wa simu, matokeo yake ni mepesi kueleweka. Duka la simu si kampuni ya bima. Linaweza kuuza bima kwa niaba ya kampuni, lakini lazima kampuni hiyo itajwe kwenye karatasi, na mteja aweze kuitafuta yeye mwenyewe. Karatasi yangu ya manjano haikutaja kampuni yoyote. Ningeisoma vizuri siku ile ya kwanza, ningeona kwamba dola 10 zangu zilikuwa zinaingia kwenye droo ya muuzaji, na kwamba siku ya wizi muuzaji huyohuyo ndiye angekuwa mlipaji, hakimu na shahidi.

Kwa nini bima hukataa kulipa

Tuseme sasa una bima ya kweli, kutoka kampuni yenye kibali. Hata hapo, wateja wengi duniani hukasirika siku ya kudai. Sababu hurudi zilezile, na nyingi zimeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo.

Kwanza, aina ya wizi. Mikataba mingi hulipa wizi wa nguvu: umetishiwa, umepigwa, mlango umevunjwa. Simu iliyochomolewa mfukoni bila wewe kuhisi, au uliyoisahau juu ya meza ya restora, mara nyingi haimo. Na katika masoko yetu, wizi ulio mwingi ni huo wa vidole vyepesi.

Pili, ushahidi. Utaombwa fakture yenye jina lako na IMEI, na PV ya polisi iliyofanywa ndani ya saa chache au siku chache. Mtu aliyenunua simu ya occasion kwa rafiki, bila karatasi, amekwisha kuanguka kabla ya kuanza. Na ni wangapi kati yetu walionunua simu mpya yenye fakture kamili?

Tatu, sehemu unayojilipia mwenyewe, ambayo wenye bima huita fransizi. Ikiwa fransizi ni dola 30 na kutengeneza kioo ni dola 35, kampuni itakupa dola 5.

Nne, uchakavu. Kampuni hailipi bei uliyonunulia. Inalipa thamani ya simu siku ya tukio, na simu huzeeka haraka. Baada ya mwaka mmoja, simu yako ya dola 150 inaweza kuhesabiwa kama ya dola 90.

Tano, na hili linatugusa sisi kuliko wengi: vita na ghasia. Mikataba ya bima kwa kawaida hutoa nje hasara zinazotokana na vita, maasi na fujo za umma, isipokuwa kama zimenunuliwa kando. Katika siku zile za Februari 2025, maduka na maghala yaliporwa Bukavu, yakiwemo maghala ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM. Mtu aliyenyang'anywa simu katika machafuko ya namna hiyo angekuwa na kazi ngumu kulipwa, hata kama bima yake ni halali na mchango wake umekamilika. Hatari inayotuogopesha zaidi ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye karatasi.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kujitungia, ili hesabu ionekane. Simu ya dola 150. Mchango wa dola 2 kwa mwezi, yaani dola 24 kwa mwaka. Fransizi ya dola 30. Baada ya mwaka mmoja simu inaibiwa, na kampuni inaihesabu kuwa na thamani ya dola 90. Ikitoa fransizi, mkononi utapokea dola 60.

Umelipa 24, umepata 60. Kwa aliyeibiwa, ni faida ya dola 36. Lakini wengi hawaibiwi mwaka huo, au wanaibiwa kwa njia isiyolipwa. Ili dola 24 zilingane na dola 60, ingepasa watu wawili kati ya kila watano waibiwe ndani ya mwaka, kwa njia inayokubalika kwenye mkataba, na wote walipwe. Ukiona hatari yako ni ndogo kuliko hiyo, kwa hesabu tupu utalipa zaidi ya utakachopata.

Hakuna ujanja wa ajabu hapo. Kampuni ina wafanyakazi, ofisi, kodi, tume ya duka, na inatafuta faida. Vyote vinatoka kwenye michango. Bima siku zote ni ghali kuliko hasara ya wastani. Mtu huinunua kwa sababu kuna hasara ambayo ikimpata mara moja tu, hatainuka: nyumba kuungua, gari kumgonga mtu, ugonjwa mkubwa. Kwa hasara kama hizo, kulipa zaidi ya wastani ni akili.

Basi swali la kujiuliza ni hili: nikiipoteza simu hii leo, nitainuka? Ikiwa unaweza kununua nyingine ya bei nafuu ndani ya mwezi mmoja au miwili, huna haja ya bima. Una haja ya akiba. Ikiwa simu yako ni ya dola 900, ndiyo kamera yako ya kazi, na bila hiyo huli, bima yenye masharti mazuri inaweza kufaa. Ikiwa simu ni ya mkopo, na deni litaendelea hata simu ikiibiwa, hapo pia kuna sababu ya kufikiri.

Si shida ya Bukavu peke yake

Anayedhani kwamba udanganyifu huu unatokana na umaskini wetu, atazame Uingereza. Machi 2019, mamlaka ya fedha ya huko, FCA, iliitoza kampuni ya Carphone Warehouse faini ya zaidi ya pauni milioni 29 kwa namna ilivyouza bima ya simu iliyoitwa Geek Squad kati ya 2008 na 2015. Wauzaji hawakufunzwa vizuri kujua kama mteja anaihitaji bima ile. Wengine walifundishwa jinsi ya kumjibu mteja anayesita, hata kama tayari alikuwa na kinga nyingine kupitia benki au bima ya nyumba.

Hata bima inayosifiwa ina bei yake. Apple, kwa mfano, huuza mpango unaohusu wizi na kupotea katika baadhi ya nchi tu, na hata huko mteja aliyeibiwa hulipa sehemu yake kabla ya kupewa simu nyingine. Tena humtaka awe amewasha huduma ya kutafuta simu wakati wizi unapotokea. Asiyeiwasha hana dai.

Tofauti yetu na wao ni kwamba huko mteja aliyedanganywa ana mlango wa kubisha unaofunguka. Hapa, katika mji ambao mahakama na ofisi nyingi za serikali zimeyumba tangu vita vilipofika, karatasi mbovu ni mbovu mara mbili.

Kasha nyekundu

Kuna kitu ambacho Kivu ya Kusini inakijua kuliko wauzaji wa bima. Katika mitaa na vijiji vyetu kuna MUSO, zile mutuelle za mshikamano ambazo mama zetu wameziendesha miaka mingi. MUSO ina makasha matatu: ya kijani kwa akiba na mikopo ya wanachama, ya bluu kwa pesa zinazotoka nje ya kundi, na nyekundu kwa misaada. Pesa ya kasha nyekundu hairudishwi. Imewekwa kwa ajili ya msiba, ugonjwa, kuzaa, mapatizo.

Kasha nyekundu ni bima. Haina neno gumu wala droo ya muuzaji, lakini kazi yake ni ileile: wengi wanachanga kidogo ili mmoja asianguke. Watu kumi wakitoa dola 1 kila mwezi kwa ajili ya simu zao, mwaka unaisha na dola 120. Wakikubaliana kwamba aliyeibiwa anapewa dola 40, kundi linaweza kusaidia watu watatu kwa mwaka. Na kama hakuna aliyeibiwa, pesa inabaki yao. Haiendi Kinshasa wala kwa mwenye duka.

Faida nyingine ni kwamba wanafahamiana. Mwanachama anayedai kuibiwa simu kila miezi mitatu atajulikana haraka, wala hamtahitaji PV kuamini kwamba mama fulani alinyang'anywa kwenye kona ya soko, kwani jirani alimwona akirudi analia.

Lakini tusijidanganye. Kasha hili nalo lina mpaka, na mpaka wake ni uleule wa kampuni. Siku uporaji unapopita mtaa mzima, wanachama wote kumi wanadai pamoja, na dola 120 haziwezi kugawanyika kwa simu kumi. Kinga ya pamoja inafaa dhidi ya bahati mbaya ya mmoja mmoja. Balaa la wote linahitaji kitu kingine: amani, na dola inayowajibika.

Kinachopotea zaidi hakimo kwenye bima

Nilichojifunza kwa kupoteza simu yangu ni kwamba kile kikaratasi, hata kingekuwa cha kweli, kingenirudishia chuma na kioo tu. Maumivu yangu makubwa yalikuwa kwingine. Kulikuwa na dola 70 kwenye akaunti ya simu. Kulikuwa na nambari za watu miaka minane. Kulikuwa na sauti za mahojiano ambayo sikuwahi kuyahifadhi mahali pengine. Bima ya simu kwa kawaida hailipi hata kimoja kati ya hivyo.

Habari njema ni kwamba vitu hivyo vinakingwa bila kulipa. Bofya *#06#, simu itaonyesha IMEI. Iandike kwenye daftari nyumbani, na unaponunua simu dai iandikwe kwenye fakture. Weka kodi ya siri ya skrini, na pia weka PIN kwenye kadi SIM yenyewe, usiiache 0000. Bila PIN hiyo, mwizi huweka SIM yako kwenye simu nyingine na kupokea ujumbe wako wote. Kodi ya M-Pesa au Airtel Money isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala isiandikwe nyuma ya simu. Hifadhi nambari na picha mahali pengine, hata kwenye simu ya mwenzako au kompyuta ya kazini.

Ukiibiwa, usianze na polisi wala dukani. Azima simu, uipigie kampuni ya mtandao, au kimbia kwenye ofisi yake na kitambulisho, ufunge SIM na akaunti ya pesa. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa makuta. PV itafuata. Na ukitafuta simu nyingine, jihadhari na ile ya bei ya kustaajabisha isiyo na kartoni wala karatasi. Huenda kuna mtu wa Panzi au Bagira anayeililia, na sheria ya Congo inamwadhibu pia anayepokea kitu akijua ni cha wizi.

Kabla ya kutoa dola zako

Kama bado unataka bima, uliza maswali haya dukani, na majibu yawe kwenye maandishi. Ni kampuni gani inayobeba hatari, na ina kibali cha ARCA? Wizi wa mfukoni umo, au ni wa nguvu tu? Fransizi ni kiasi gani? Simu itahesabiwa thamani gani baada ya miezi sita, na baada ya mwaka? Nidai kwa nani hapa Bukavu, na malipo yanafika ndani ya siku ngapi? Na fujo zikitokea, mnalipa?

Muuzaji akijibu yote kwa karatasi, piga hesabu yako kama tulivyopiga hapo juu. Akijibu kwa tabasamu, weka dola zako mfukoni, mfuko wa mbele.

Mimi mwenyewe nilinunua simu ya pili baada ya wiki tatu, ya dola 95, ya chini kuliko ile ya kwanza. Muuzaji alinipa bei, kisha akauliza kama nataka kuongeza dola 10 za garanti. Nilimwomba aandike IMEI kwenye fakture. Zile dola 10 nilizipeleka kwa mama yangu mdogo, Jumapili, kwenye mkutano wa MUSO yao. Ziliingia kasha nyekundu.